Daftari Lililoingia Katika Mashine

Msomaji mpendwa, wazee wetu walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Hawakusema hayo kwa kupamba mazungumzo. Walikuwa wameona maduka yakifungwa na jamaa wakigombana, si kwa sababu mali haikuwako, bali kwa sababu hapana aliyejua nani alichukua nini, lini, na kwa bei gani. Daftari ndilo lililokuwa jicho la mwenye mali alipokuwa hayupo.

Siku hizi daftari la biashara kubwa halina jalada wala kurasa. Limo ndani ya mashine, tena mara nyingi mashine zenyewe zimo katika nyumba ambayo mwenye mali hajapata kuiona kwa macho yake. Katika insha hii nitakueleza jinsi daftari lilivyotoka mkononi mwa karani likaingia katika kompyuta, na jinsi kompyuta hizo zilivyokuja kuunganishwa zikawa kile kiitwacho wingu. Nakuomba ushike maswali mawili tangu mwanzo hata mwisho: Ni nani aliyeielewa kazi iliyoandikwa katika daftari? Na ni nani aliyelishika daftari lenyewe?

Habari yetu yaanzia London, katika biashara ambayo yamkini usingeitazamia. J. Lyons & Co. haikuwa kampuni ya mitambo wala ya wanasayansi. Ilikuwa kampuni ya chai, mikate, keki na aiskrimu. Ilifungua mkahawa wake wa kwanza katika mtaa wa Piccadilly mwaka 1894, kisha mikahawa yake ikaenea London na miji mingine ya Uingereza. Makao yake na matanuri yake makubwa yalikuwa mahali palipoitwa Cadby Hall, upande wa magharibi wa London.

Fikiri kidogo juu ya biashara ya namna hiyo. Mtu huingia, hunywa kikombe cha chai, hula kipande cha keki, hulipa fedha kidogo, akaenda zake. Faida ya kikombe kimoja ni ndogo mno. Lakini vikombe vikiwa mamilioni, hesabu zake huhitaji jeshi la makarani, na kila karani ana mshahara. Hapo ndipo penye hatari: gharama ya kuihesabu faida yaweza kuila faida yenyewe.

Mtu aliyeiona hatari hiyo vizuri kuliko wenziwe alikuwa Bwana John Simmons, mwanahisabati aliyesoma Cambridge na kuingia katika kampuni hiyo mwaka 1923. Bwana Simmons hakuanza kwa kutafuta mashine. Alianza kwa kuuliza maswali. Karatasi hii yaandikwa kwa nini? Huenda wapi ikishaandikwa? Huko iendako kuna mtu aisomaye? Na kama haisomwi, mbona yaandikwa? Katika miaka ya 1930 kampuni ilikuwa na idara maalumu ambayo kazi yake ilikuwa kuchunguza kazi za ofisi zake yenyewe, hatua kwa hatua. Kwa hiyo, kabla kompyuta hazijakuwako duniani, Lyons ilikuwa imekwisha kuijua kazi yake ndani na nje. Jambo hili ulikumbuke, kwa maana ndilo msingi wa yote yafuatayo.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, habari zilienea kwamba huko Marekani imetengenezwa mashine ya elektroni iwezayo kupiga hesabu kwa kasi isiyopata kuonekana. Mwaka 1947 Lyons iliwatuma watu wake wawili, Raymond Thompson na Oliver Standingford, wakaone mambo ya ofisi na mashine hizo mpya. Walipofika Princeton, mwanahisabati Herman Goldstine aliwapa habari ya kuchekesha kidogo: kwamba wenzao wa Cambridge, mwendo mfupi tu kutoka London, nao walikuwa wakitengeneza mashine ya aina hiyo. Wasafiri wale walikuwa wamevuka bahari kutafuta kitu kilichokuwa jirani na kwao.

Waliporudi walikwenda Cambridge wakaonana na Maurice Wilkes na wenziwe. Lyons ikakichangia chuo pauni 3,000, na kukiazima mfanyakazi wa kusaidia kazi. Tarehe 6 Mei 1949 mashine ya Cambridge, iliyoitwa EDSAC, iliendesha programu yake ya kwanza na kutoa majibu sahihi. Lakini mashine hiyo ilikuwa ya wanasayansi. Hapakuwa na duka ambako mfanyabiashara angeweza kununua kompyuta ya kazi za ofisi. Basi Lyons ikakata shauri ambalo wengi waliliona la ajabu: kampuni ya kuoka keki ikaazimu kujitengenezea kompyuta yake yenyewe.

Fundi mkuu wa kazi hiyo alikuwa John Pinkerton. Mashine aliyoiunda pamoja na wenziwe ilijaza chumba kikubwa. Ilikuwa na maelfu ya valvu, yaani taa ndogo za kioo kama zile za redio za zamani, na kumbukumbu yake ilihifadhiwa katika mirija 64 iliyojaa zebaki, ambamo mawimbi ya sauti yalipita yakizunguka bila kukoma. Kwa yote hayo, uwezo wake wa kukumbuka ulikuwa mdogo sana kuliko wa simu unayoweza kuishika kiganjani. Iliitwa LEO, herufi za kwanza za jina la Kiingereza lenye maana ya Ofisi ya Elektroni ya Lyons. Sisi wasemao Kiswahili twaweza kutabasamu tunapolisikia jina hilo. Maana kweli ilikuwa habari ya leo iliyofika katika ofisi za jana.

Mwezi wa Novemba 1951 LEO ilikabidhiwa kazi yake ya kawaida ya kila juma: kukadiria thamani ya mikate, keki na vitafunio vilivyotoka katika matanuri. Hiyo ndiyo kompyuta ya kwanza ulimwenguni kufanya kazi ya kila siku ya ofisi ya biashara. Halafu ikafuata kazi ya mishahara. Karani mzoefu alihitaji dakika 8 hivi kukokotoa mshahara wa mfanyakazi mmoja pamoja na kodi na makato yake. LEO ilihitaji sekunde 1 na nusu.

Hata hivyo, msomaji wangu, kasi hiyo isikupumbaze. Wakuu wa Lyons walijua ya kwamba mfanyakazi asiyelipwa siku ya malipo haambiwi habari za valvu iliyoungua. Kwa hiyo hawakuiachia mashine kazi ya mishahara siku ile ile ilipokuwa tayari. Waliiendesha sambamba na makarani, wakilinganisha majibu, mpaka walipoona ya kuwa yaaminika. David Caminer, aliyewaongoza watungaji wa programu, alikuwa mkali katika jambo hili: kila hatua ya programu ilikaguliwa na mtu mwingine asiyeiandika, na kila jibu lilikuwa na njia ya kuthibitishwa.

Kazi iliyodhihirisha zaidi hekima yao ilikuwa ile ya mahitaji ya mikahawa, iliyoanza mwaka 1954. Zamani kila msimamizi wa mkahawa aliandika kila siku orodha ndefu ya vitu avitakavyo. Wataalamu wa Lyons walipoichunguza kazi hiyo waliona kwamba mahitaji ya Jumatatu moja hayatofautiani sana na ya Jumatatu nyingine. Basi kila mkahawa ukawekewa orodha ya kudumu ya kila siku ya juma. Mchana msimamizi alipigiwa simu kutoka Cadby Hall, naye akataja mabadiliko tu: mikate hii iongezwe, keki zile zipunguzwe. Aliyepokea maneno hayo aliyatoboa katika kadi papo hapo, na LEO ikajumlisha mahitaji yote, ikawaambia waokaji waoke kiasi gani na wapakiaji wapakie nini. Je, ni mashine iliyobuni mpango huo? La, hasha. Ni akili ya watu walioifahamu kazi. Mashine iliutekeleza tu.

Wengine huuliza: Je, makarani walikuwaje? Hili ni swali la haki, wala halifai kupuuzwa, kwa sababu kazi nyingi za kalamu na wino zilikwisha kabisa. Lakini zilizaliwa kazi nyingine ambazo hazikuwa na jina hapo kwanza. Lyons iliwajaribu wafanyakazi wake yenyewe, ikawachagua wale walioonyesha akili ya kupanga mambo kwa utaratibu. Mmoja wao alikuwa Mary Coombs, aliyejiunga na kundi la LEO mwaka 1952. Chuoni alikuwa amesoma Kifaransa na historia, si uhandisi. Naye akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza duniani kutunga programu za biashara. Wewe unayedhani kwamba milango ya mashine imefungwa kwa asiyekuwa bingwa wa hisabati, tafakari habari za mama huyo.

Sasa tufike penye njia panda. LEO ilikuwa na kasi kiasi cha kwamba Lyons iliweza kuwauzia wengine nafasi ya kuitumia. Ilikokotoa mishahara ya wafanyakazi wa kampuni ya magari ya Ford, na kupima umbali baina ya vituo vya reli vya Uingereza. Mwaka 1954 Lyons iliunda kampuni ya kutengeneza na kuuza kompyuta, na mwaka 1962 mashine ya kwanza ya aina ya LEO III ilipelekwa katika bara letu la Afrika, ikafanya kazi huko Johannesburg kwa kampuni ya migodi. Tangu wakati huo kila mwenye biashara kubwa alikabiliwa na shauri moja lenye pande mbili: Ninunue mashine yangu niitunze nyumbani, au nipeleke kazi zangu kwa mwenye mashine nimlipe ujira?

Wenye kupendelea kukodi walikuwa na hoja nzuri. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani John McCarthy alitabiri kwamba iko siku uwezo wa kompyuta utauzwa kwa watu wote kama huduma ya simu, kila mtu akilipa kwa kadiri atumiavyo. Mwaka huo huo Fernando Corbató na wenziwe walionyesha jinsi watu kadhaa wawezavyo kutumia kompyuta moja kwa pamoja, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Mwaka 1972 kampuni ya IBM ilitangaza mfumo ulioitwa VM/370, uliofanya mashine moja kubwa ijigawe ikawa kama mashine nyingi, kila moja ikiwa na kazi zake na mipaka yake. Ni kama nyumba moja yenye vyumba vingi: wapangaji wote wamo chini ya paa moja, lakini kila mmoja ana ufunguo wake.

Halafu mambo yakageuka. Kompyuta zikawa ndogo na rahisi, na kila idara ikataka kuwa na yake. Uhasibu ulinunua seva yake, ghala likanunua yake, na mauzo vivyo hivyo. Seva ni kompyuta inayowahudumia watu wengi kupitia waya. Na chumba au jumba linalotunza seva nyingi huitwa kituo cha data. Vituo hivyo vikajaa mashine zilizotumia umeme na kutoa joto usiku na mchana, ilhali nyingi zilikuwa zimekaa bure sehemu kubwa ya wakati wake. Mashine ya mishahara ilifanya kazi mwisho wa mwezi, kisha ikalala. Na mashine ya ghala ikizidiwa na kazi, haikuweza kuiazima nguvu jirani yake aliyelala. Idara ikihitaji seva mpya, ilisubiri majuma mengi inunuliwe, ifungwe na kupangwa.

Dawa ya maradhi hayo ilikuwa fikira ile ile ya zamani. Mwaka 1998 iliundwa kampuni ya VMware huko California, nayo ikaleta katika kompyuta za kawaida ule ustadi wa kuigawa mashine moja iwe kama nyingi. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kuwakodisha watu wote nafasi ya kuhifadhi data na uwezo wa kukokotoa kupitia intaneti. Hapo ndipo jina la wingu lilipoenea. Mwaka 2011 taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, ilitoa maelezo yake ya wingu ni nini, ikataja sifa 5: mtumiaji hujipatia mwenyewe akitakacho bila kumsubiri karani, hukipata kupitia mtandao, uwezo wote hukusanywa pamoja na kugawanywa, huweza kuongezwa au kupunguzwa upesi, tena matumizi hupimwa, kama maji yapimwavyo na mita.

Basi je, lazima wingu liwe mali ya watu wengine? La. Taasisi hiyo hiyo ilieleza habari ya wingu la binafsi, ambalo hutumiwa na shirika moja tu, pamoja na idara zake zote. Laweza kuwa katika jengo la shirika lenyewe au mahali pengine. Laweza kutunzwa na shirika au na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2010 shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na kampuni ya Rackspace, walitoa programu iitwayo OpenStack, ambayo mtu yeyote aweza kuichukua bila malipo na kujijengea wingu lake. Ukiangalia vizuri utaona kwamba hiyo ndiyo njia ya Cadby Hall iliyorudi kwa sura mpya: mashine za nyumba moja, zikizihudumia idara nyingi, kwa mpango mmoja.

Lakini wingu haliendi kwa mikono. Kazi za kuwasha mashine, kuzigawa, kuzirekebisha na kuzinakili huandikwa katika programu, na programu huzitekeleza zenyewe. Ni faida kubwa. Walakini ina mtego. Karani mmoja akikosea, hukosea ukurasa mmoja. Mashine ikipewa amri mbaya, huitekeleza kwa utii na kwa haraka, mahali pengi kwa wakati mmoja. Tarehe 28 Februari 2017 mfanyakazi wa Amazon aliyekuwa akirekebisha mfumo huko Virginia, Marekani, alikosea sehemu ya amri moja. Alikusudia kuondoa seva chache. Zikaondoka nyingi kuliko alivyotaka, na tovuti nyingi zilizoutegemea mfumo huo zikakwama kwa muda wa saa kadhaa. Kampuni yenyewe ilieleza kosa hilo hadharani, ikaweka kizuizi ili amri ya namna hiyo isipite tena. Kumbe ukali wa Bwana Caminer haukuwa wa bure.

Nawe usidhani kwamba habari hizi ni za London na Marekani tu. Mwezi wa Machi 2007 Kenya ilianzisha huduma ya M-Pesa, na mamilioni ya watu wakaanza kutumiana fedha kwa simu. Mama aliyeuza mboga sokoni hakujua, wala hakuwa na haja ya kujua, kwamba kwa miaka mingi seva zilizotunza hesabu hizo zilikuwa Ujerumani. Ujumbe wake ulisafiri kutoka kijijini hadi Ulaya na kurudi, ndipo fedha zionekane katika simu ya mwanawe. Mwaka 2015 mitambo hiyo ilihamishiwa Kenya, na safari ya hesabu ikafupika. Mwaka 2019 Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data, ambayo yamtaka kila mwenye kukusanya habari za watu azitunze kwa njia ya haki, na kuweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Lile swali la nani ameshika daftari sasa ni swali la sheria.

Je, ni bora wingu la binafsi au la kukodi? Sikupi jibu moja, kwa sababu halipo. Mwenye biashara ndogo aweza kujifilisi kwa kujenga kituo cha data, kama vile mtu anunuavyo lori ili abebe gunia moja. Mwenye siri za wagonjwa au amana za watu aweza kuwadhulumu kwa kuzitupa popote penye bei nafuu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga. Lakini wao hao hao walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Penye shauri kama hili hakuna budi kupima.

LEO ya kwanza ilizimwa mwezi wa Januari 1965. Kampuni yake ya kompyuta ilikuwa imekwisha kuunganishwa na nyingine, na mwaka 1978 Lyons yenyewe ikanunuliwa. Mirija ya zebaki imekwisha, na matanuri ya Cadby Hall yamebomolewa. Kilichobaki ni fundisho, nalo ni hili: watu wale waliielewa kazi yao kwanza, ndipo wakaikabidhi mashine. Hawakuitarajia mashine ipange walichokuwa hawajakipanga, wala hawakuacha kuikagua kwa sababu ilikuwa na kasi.

Ewe msomaji kijana, yamkini siku moja utakabidhiwa daftari la shule, la ushirika wa wakulima, la hospitali au la taifa zima. Watakuja watu wenye maneno matamu, wakikuambia kwamba mashine yao itamaliza taabu zako zote. Wasikilize kwa adabu, kisha waulize kama alivyouliza Bwana Simmons: Kazi hii yafanywa kwa nini? Nani atathibitisha jibu? Mashine ikisimama, tutafanyaje? Na daftari letu litakaa wapi, mikononi mwa nani? Ukiweza kuyajibu hayo, waweza kuliweka daftari lako hata mawinguni. Usipoweza, hata ukilifungia sandukuni chini ya kitanda chako, mali itapotea, na habari yake hutaipata.